Siku Niliyohesabu Watu Rurambo

Mnasema nimestaafu, na mimi sibishi, maana barua ninayo na imepigwa muhuri mara tatu. Ila begi langu bado liko nyuma ya mlango. Ndani yake mna viatu vya mpira, tochi, kipande cha sabuni, kanga mbili, pakiti ya chumvi, na daftari la shule ambalo nitalieleza baadaye. Kila asubuhi nalifungua nione kama chumvi haijaloa, kisha nalifunga tena. Nimepanga chumba hapa Kasenga, mtaa wa Uvira. Seremala wa jirani anapoanza kupiga randa mimi huwa nimeshateremka mpaka ziwani na kurudi, na kabla hajamaliza chai yake nimeshateremka tena. Jana aliniuliza, "Mama Kigoma, shi unatafuta nani kule kwa maji kila siku?" Nikamwambia simtafuti mtu. Hakuniamini, na simlaumu.

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, ninyi mnaobaki na magari na madaftari. Vyeo na mishahara naviruka. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili habari ilinikuta gari limezama kwenye tope la bonde la Ruzizi, kwa hiyo ninachokumbuka ni tope. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na ile siku ya Rurambo ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu kwenye korido za ofisi. Naona ni afadhali muisikie kwangu, mimi niliyekosea.

Niliingia Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa boti la saruji kutoka Kigoma, nikiwa nimekaa juu ya mifuko kama mzigo mwingine wowote. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, cheti cha uuguzi na imani kubwa. Vita vilikuwa vimeshapanda na kushuka milimani mara kadhaa. Wenyeji walivitaja kama wanavyotaja mvua, ile ya kwanza, ile kubwa, na hii ya sasa. Mimi nilijiona nimekuja kwa ndugu. Ziwa ni lilelile, dagaa ni walewale ingawa huku wanaitwa ndagala, na lugha nilidhani ni ileile. Nilisimama bandarini Kalundu nikasema kwa adabu zangu zote, "Samahani, naomba kuelekezwa ilipo ofisi ya misaada." Mama mmoja aliyekuwa akianika ndagala akaangua kicheko, akamwita mwenzake: "Kuja usikie! Huyu mama anasema sawa radio!"

Aliyekuja kunichukua ni dereva wetu, Papa Kashindi. Alizaliwa milimani, akakulia hapa Kasenga. Alikuwa mfupi, na kofia yake ya sufu haikutoka kichwani hata jua likichoma namna gani. Nikampa shikamoo. Akacheka kidogo, akanyoosha mkono. "Shikamoo iko ya kwenu. Huku ni jambo, na mukono." Kisha akaniuliza kama nimekula, akanipeleka kwa mama mmoja anayeuza bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, akaniangalia mpaka nikamaliza. Baadaye nilielewa kwamba hicho kilikuwa kipimo. Mtu anayebagua chakula hakumpandisha mlimani, hata angekuwa daktari bingwa.

Chini ya kiti chake alikuwa na kamba ya katani, jembe lililokatwa mpini, ndoo, na lile daftari lenye jalada la buluu, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilidhani ni la kuandikia safari za gari. Siku ya tatu nikaona kazi yake. Tulikuwa tunahamisha watu kutoka Sange, nyumba zao zimechomwa, tunawaleta mjini kwa lori. Papa Kashindi hakuruhusu mtu apande. Alisimama nyuma ya lori, akafungua daftari, akaanza kuita majina, moja moja, kwa sauti ya kawaida tu. Aliyeitwa aliitika "Niko," ndipo akapanda. Watoto waliitwa kwa majina yao wenyewe. Mtoto mchanga ambaye bado hajapewa jina aliitwa kwa mama yake, na mama akaitika kwa niaba yake. Ilichukua muda ambao mtu angeweza kupika maharage yakaiva. Mimi nilikuwa nazunguka lori, nafunga na kufungua mlango, natazama saa, natazama mawingu.

Nyumbani kwetu mama yangu alikuwa akiniita kiguu na njia, na hakukosea. Sijawahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Katika kazi hii tabia hiyo inasaidia kuliko mnavyodhani, maana mtu asiyetulia anafika mahali ambapo mwenye busara angeahirisha. Nimelala Luberizi kwenye darasa lisilo na paa, nimevuka Mulongwe ikiwa imefurika, nimepanda Mulenge kwa miguu nikiwa na homa, na kila nilipofika nilikuwa tayari nawaza pa kwenda kesho. Lakini kuna kazi ambayo tabia hiyo inaiharibu, na ndiyo hiyo ya kusimama nyuma ya lori.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Wiki ya pili nilitumwa kuandikisha familia zilizolala kwenye shule moja hapa Kasenga. Nikaingia darasani nikanyoosha kidole, moja, mbili, tatu, nne. Akina mama wakaanza kuwafunika watoto wao kwa vikwembe. Mmoja alimvuta mwanawe akamficha nyuma ya mgongo wake, na nilipofika mwisho nilikuwa na watoto kumi na tisa ndani ya chumba ambacho kelele zake zilikuwa za watoto hamsini. Nikatoka nje nimekasirika. Papa Kashindi alikuwa ameegemea gari.

"Mama Kigoma," akasema, "huku batoto hatuhesabake na kidole. Mbuzi, sawa. Mifuko ya bunga, sawa. Muntu unamuita jina yake, anaitika."

"Na wakiwa mia tatu?"

"Utaita mia tatu. Weye unakimbia wapi?"

Akanieleza kwamba wazee wa kule juu wanaona kumhesabu mtoto ni kama kumwonyesha kwa kifo, ili kifo kijue ni wangapi kitakaowakuta. Hata mwenye ng'ombe hawahesabu ng'ombe wake jioni wakiingia zizini. Anawatazama tu wanavyopita, na anajua ni yupi hayupo. Nilimsikiliza kwa heshima. Nikarudi darasani nikaandika majina, na akina mama wakalegea, wakanitania jinsi ninavyoyatamka.

Lakini hapa lazima niseme ukweli. Sikuacha kuhesabu. Niliacha kidole tu. Nilijifunza kuhesabu mkono ukiwa mfukoni, kidole gumba kinapita juu ya pingili za vidole vingine, pingili tatu kila kidole, kumi na mbili mkono mzima, kisha naanza upya. Hakuna aliyeniona. Nilijisifu moyoni kwamba nimeheshimu desturi ya watu na bado ninafanya kazi kwa haraka. Kwa miaka miwili Papa Kashindi akiita majina mimi nilikuwa nimeshamaliza kwa macho na pingili, na hesabu yangu haikuwahi kupishana na daftari lake. Kwa hiyo nikaanza kuliona daftari kama sala ya mzee, kitu kizuri cha kumwachia mwenyewe.

Ile siku ya Rurambo ilikuwa ya mvua. Mapigano yalikuwa yakisogea kutoka kilima hadi kilima, na watu walikuwa wamekusanyika kwenye kanisa moja dogo la mabati. Wenye nguvu walishaanza kushuka kwa miguu. Kazi yetu ilikuwa kuwateremsha wasioweza kutembea: wajawazito, wazee, wagonjwa, akina mama waliojifungua, na watoto. Tulikuwa na malori mawili na gari letu. Papa Kashindi alikuwa amepanda siku moja kabla, akaandika majina arobaini na moja, akawaambia wote, wakubwa kwa wadogo, maneno yaleyale aliyowaambia watu siku zote: mtu asipande mpaka asikie jina lake.

Kwenye barieri ya chini, kizuizi cha barabarani, wanajeshi walituambia tupite kabla ya saa kumi, baada ya hapo barabara inafungwa na wao wenyewe wanaondoka. Lori moja lilikwama njiani, tukalichimbua kwa lile jembe. Tulipofika kanisani ilikuwa saa tisa. Mvua ilipiga mabati mpaka mtu humsikii aliye kando yako. Kilima cha pili, risasi zilikuwa zikilia, si nyingi, lakini zilikuwa karibu kuliko asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa msafara. Nikaanza kupiga kelele, "Pandeni! Pandeni!" na watu wakapanda.

Mama Nyota, aliyekuwa na kichanga cha siku nne, nilimweka mimi mwenyewe kwenye kiti cha mbele cha lori la kwanza. Akaniuliza, "Na Faida?" Faida alikuwa binti yake mkubwa, wa miaka kama saba. Nikamwambia watoto wote wanapanda nyuma na wakubwa. Nikaenda nyuma, nikatia mkono mfukoni, nikatazama lori la kwanza, nikatazama la pili. Raundi tatu na pingili tano. Arobaini na moja.

Papa Kashindi alikuwa amesimama, amejifunika gunia, daftari limefunguliwa, ameshaita jina la kwanza.

"Papa Kashindi, wametimia. Twende."

"Wametimia namna gani?"

"Wametimia. Saa imekwisha."

Akanitazama usoni, kisha akautazama mfuko wangu, mkono ukiwa bado ndani. Nadhani alikuwa anajua siku zote. Akafunga daftari, akalirudisha kwenye nailoni, akawasha gari.

Tulipita barieri zikiwa zimebaki dakika chache. Sitawaficha, nilifurahi. Nilijisikia mtu mkubwa. Tulipofika tambarare nilimwambia, "Umeona? Tungesubiri daftari tungelala kule." Papa Kashindi alitazama mbele. Alikuwa anaendesha, na barabara ilikuwa mbaya.

Uvira tuliwashusha kwenye uwanja wa shule. Jua la jioni lilikuwa limetoka, linamulika ziwa, watu wanakamua nguo zao, watoto wameanza kucheza. Papa Kashindi akafungua daftari, akaanza kuita ili kila mmoja aonyeshwe darasa la kulala. Niko. Niko. Niko. Jina la kumi na saba lilikuwa Faida ya Mama Nyota. Hakuna aliyeitika. Akarudia. Akaliruka, akaendelea mpaka mwisho, na alipofunga daftari kulikuwa na mama mmoja mjamzito amesimama peke yake katikati ya uwanja, ambaye jina lake halikuitwa. Alikuwa ametoka upande wa Mulenge siku hiyohiyo, akatukuta tunapakia, akapanda kimya. Hakuna aliyemuuliza jina. Alikuwa pingili yangu ya arobaini na moja.

Mama Nyota alikuja na kichanga kifuani. Nilidhani atapiga kelele.

"Minye nilisikia hamukuita majina," akasema. "Nilikuwa mu kabini, nikasikia kamyo inaondoka. Nikataka kuuliza. Nikasema, hapana, huyu mama ya Kigoma anajua kazi yake."

Kisha akakaa chini palepale kwenye udongo uliolowa. Ningependa angenipiga. Mpaka leo ningependa hivyo.

Ofisi ilikataa turudi. Barabara ilikuwa imefungwa kweli, na sina cha kuwalaumu. Siku mbili nilikuwa kati ya chumba cha foni, ndivyo tunavyoiita redio ya mawasiliano, na ukingo wa ziwa. Naingia, nauliza, natoka, nateremka mpaka kwenye maji, napanda. Aliyekuwa kwenye foni alianza kunijibu kabla sijafungua mdomo. Sikuweza kula. Nikipita shuleni namwona Mama Nyota amegeuza uso kuelekea milima, ananyonyesha. Nilimpelekea uji asubuhi na jioni, akaunywa kwa ajili ya yule mchanga, akanirudishia kikombe. Nyinyi mnaofundishwa siku hizi namna ya kupumzisha akili baada ya kazi ngumu, nawaonea wivu kidogo. Mimi nilichakaza viatu tu.

Siku ya tatu milio ilinyamaza. Ruhusa ikatoka: gari liende mpaka Runingu, chini ya mlima, lisivuke hapo. Tulifika Runingu. Papa Kashindi akafunga milango, akatia funguo mfukoni, na tukaanza kupanda kwa miguu, kwa kuwa ruhusa haikusema chochote kuhusu miguu. Msiige. Na mkiiga, msiandike jina langu kwenye ripoti.

Njiani watu walikuwa bado wanashuka, wengine na godoro kichwani, wengine na kuku. Nilimsimamisha kila mmoja. Mtoto wa kike, miaka saba, gauni la buluu, mmemwona? Watoto wa magauni ya buluu walikuwa wengi mno. Nilikuwa mbele, nakimbia, narudi kumharakisha Papa Kashindi, nakimbia tena. Tulipofika kwenye mgongo wa kilima cha kwanza yeye akasimama, akavua ile kofia, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Faida! Faida ya Mama Nyota! Mama yako iko Uvira! Anakuita!"

Mteremko wa pili kulikuwa na mzee anang'oa mihogo. Akainuka, akasikiliza, akageukia bonde la nyuma yake, akaita maneno yaleyale. Kutoka mbali zaidi nikasikia sauti ya mwanamke inayachukua. Halafu kimya.

"Ikaa," akaniambia Papa Kashindi.

"Siwezi kukaa."

"Ikaa, mama. Ile sauti iko inatembea mbiyo kukupita weye."

Nikakaa. Nilikaa juu ya jiwe, nikishika magoti yangu kwa nguvu nisiinuke. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Kisha sauti ikarudi kwa njia ileile, mwanamke, halafu mzee wa mihogo akatuitia huku akipunga mkono: mtoto iko, iko kwa bale ba ng'ombe, juu ya kanisa.

Tulitembea zaidi ya saa mbili. Nyumba ilikuwa ya majani, safi, imezungushiwa ua, na ng'ombe wachache wamesimama nje. Katika vita vile watu wa nyumba hiyo na watu wa Mama Nyota hawakutakiwa hata kuteka maji mahali pamoja. Nilishaonyeshwa hivyo ofisini kwenye ramani yenye rangi. Mama mwenye nyumba, mrefu, mwenye makunyanzi ya kicheko, alitupa maziwa kwanza. Alipoona tumekunywa ndipo akauliza sisi ni nani. Papa Kashindi akamweleza.

"Ee, ni nyie," akasema. Hakukunja uso. "Nilikuwa napitisha ng'ombe ku kanisa, bantu bote bameisha kwenda. Nikamukuta amesimama chini ya mabati, maji inamumwangikia. Nikamwambia, kuja. Akakataa. Anasema anangoja jina yake. Nikamwambia, kamyo imekwenda, mutoto. Anasema hapana, banasema batamuita. Basi nikamuuliza, jina yako nani? Akaniambia. Nikarudi kule ku njia, nikamuita na jina yake. Njo akakuja."

Nilielewa wakati ule tu. Hakuwa amepotea wala hakuwa amekimbia. Alikuwa pale pale, hatua kumi kutoka kwenye lori, amejikinga mvua, anafanya alichoambiwa. Alituona tunapakia. Alituona tunaondoka.

Faida alitokea nyuma ya ua, ameshika kamba ya ndama. Nikamwita jina lake. Alinitazama, akanijua, lakini hakusogea. Papa Kashindi akatoa daftari kwenye nailoni, akafungua, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kama anavyosoma siku zote, "Faida ya Mama Nyota."

"Niko," akasema. Kisha akanigeukia mimi, si Papa Kashindi. "Siku ile nilikuwa pale. Mulisema mutaniita."

Nililia mbele ya mtoto na mbele ya ng'ombe, kwa sauti, na yule mama akaniongezea maziwa.

Tulishuka tukipokezana kumbeba. Shuleni, Mama Nyota alimpokea bila kelele, akanusa nywele zake zilizokuwa zinanuka moshi na maziwa, akamkagua vidole vya mikono na vya miguu. Akaniambia, "Aksanti." Neno hilo lilinichoma kuliko lile la uwanjani.

Papa Kashindi hakunitajia habari hiyo hata mara moja. Safari iliyofuata, kutoka Kiliba, tulisimama nyuma ya lori, akanipa daftari. "Ita weye," akasema, akaenda kukagua matairi. Niliita. Niliyavunja majina ya watu, wakanicheka, wakanisahihisha, wakaitika, wakapanda. Mkono mmoja ulikuwa unashika daftari na wa pili unafuata mstari, kwa hiyo hakuna uliobaki wa kutia mfukoni. Nadhani mzee alipanga hivyo. Alifariki miaka michache iliyopita, kitandani kwake, hapa Kasenga, jambo ambalo madereva wa kazi hii hawalipati wote. Mke wake ndiye aliyeniletea daftari. Liko ndani ya begi. Atakayekuja kulichukua kati yenu aje asubuhi na mapema, maana baadaye nitakuwa nimeshatoka.

Nimalizie na safari moja tu. Baada ya miezi kadhaa milima ilitulia kidogo, na watu wa Rurambo wakaomba kurudi wakapande mahindi. Lori lilikuja shuleni asubuhi, na mvua nayo ikaja. Watu walikuwa na hamu ya kwao kuliko nilivyowahi kuona. Kabla sijafungua daftari walikuwa wamepanda wote, na vyungu vyao, na mbegu, na kuku. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Watu wakapiga bodi la lori kwa viganja, twende, twende, na miguu yangu ilikuwa inataka hivyohivyo.

Chini alibaki mmoja. Faida alikuwa amesimama kwenye tope, mkono wake umeshika ubao wa lori, maji yanamtiririka usoni.

"Panda, mwanangu, unalowa!" mama yake akamwita kutoka juu.

Akatikisa kichwa. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikamwambia dereva azime injini. Nikafungua daftari, nikaanza na jina la kwanza, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa, na walio juu wakanyamaza, wakaanza kuitika. Sikuruka jina. Sikutazama saa. Mvua ilikuwa inaangukia karatasi, na nilipofika la kumi na saba wino ulikuwa umechuruzika, mstari mzima umekuwa doa la buluu. Sikuhitaji kuusoma.

"Faida ya Mama Nyota."

"Niko," akasema, akapanda.